Chaki, Maka Peni na Pasipoti za Alumini: Wiki Yangu Venice

Jumanne, 21 Mei 2024. Mestre

Nimetua Venice mchana nikitokea Dar kwa kupitia Istanbul. Kwenye dirisha la uhamiaji nimetakiwa kuonyesha barua ya mwaliko, bima, tiketi ya kurudi na pesa za matumizi, ingawa vyote hivyo nilishavipeleka ubalozini kabla ya kupewa viza. Ada ya viza niliyolipa ilikuwa yuro 80, na bima lazima iwe ya kiwango cha yuro 30,000 hata kama unakuja kwa wiki moja tu. Nayataja haya kwa sababu nimekuja kuona Biennale ya 60, maonyesho makubwa ya sanaa ambayo mwaka huu yamepewa jina Stranieri Ovunque, Wageni Kila Mahali. Kwa sisi wenye pasipoti ya Afrika Mashariki, maonyesho ya namna hiyo yanaanzia ubalozini.

Nimefikia kwa dada yangu, binti wa baba mdogo, anayeishi Mestre. Mestre iko bara, na kisiwani kunafikika kwa daraja refu la reli na magari. Watalii wengi hulala huku kwa kukwepa bei za kisiwani, na wanaowatandikia vitanda, kuwaoshea vyombo na kuwabebea mizigo wanaishi huku pia. Mitaa ya karibu na stesheni imejaa maduka ya Wabangladeshi, ambao wengi wao walikuja kufanya kazi kwenye kiwanda cha meli cha Marghera. Bizari, bamia, mchele wa kila aina, vyote vipo. Dada anasafisha vyumba katika hoteli moja kisiwani, na kesho anaingia zamu ya asubuhi.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Ingia ule kwanza. Hayo mapicha hayakimbii."

Jumatano, 22 Mei. Arsenale

Arsenale ndipo jamhuri ya Venice ilipokuwa ikiunda meli zake za vita na za biashara. Ukumbi mkuu, Corderie, ulikuwa kiwanda cha kusokota kamba, na urefu wake unapita mita 300. Msimamizi wa maonyesho ya mwaka huu ni Adriano Pedrosa wa Brazili, mtu wa kwanza kutoka Amerika ya Kusini kupewa kazi hiyo. Ameita wasanii na vikundi 331. Jina la maonyesho amelichukua kwenye kazi za kikundi cha Claire Fontaine, nacho kililichukua kwa wanaharakati wa Turin waliokuwa wakipambana na ubaguzi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Maneno hayo mawili, yameandikwa kwa taa za rangi katika lugha nyingi, yananing'inia juu ya maji mwishoni mwa Arsenale. Yanapendeza, na watu wanapiga picha foleni nzima. Mimi sikukaa hapo.

Nilikaa mlangoni. Mgeni wa kwanza kukupokea ni mwanaanga wa Yinka Shonibare, msanii aliyezaliwa London mwaka 1962 na kukulia Lagos. Anatembea, ameinama kidogo mbele, na mgongoni amebeba wavu uliojaa vitu vyake vya nyumbani. Suti yake imeshonwa kwa kitambaa tunachokiita kitenge. Nilisogea hadi nikaona mishono ya begani. Kitambaa hicho ambacho leo dunia nzima inakijua kama vazi la Mwafrika kilianza kama uigaji wa batiki za Indonesia, kikachapwa viwandani Uholanzi, kikauzwa Afrika Magharibi, na baadaye kikatufikia sisi, tukakifanya chetu cha harusi na cha msiba. Shonibare amekitumia miaka mingi kwa sababu hiyo hiyo. Mtu aliyekimbia kwao amevalishwa nguo ambayo yenyewe haina kwao kumoja.

Baada yake unaingia chini ya Takapau, kazi ya Mataaho, kikundi cha wanawake 4 wa Kimaori kutoka New Zealand. Kazi hii imepata Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya Biennale. Takapau ni mikeka myembamba inayosukwa kwa shughuli nzito, kujifungua ikiwemo, na hawa wameisuka juu ya vichwa vya wageni, ukumbi mzima, kwa mikanda ya kufungia mizigo kwenye malori. Si mfano wa mikanda. Ni mikanda yenyewe, yenye mistari inayong'aa ikipigwa na taa, na kulabu zake zimeshikilia kwenye fremu. Jua likipenya dirishani, vivuli vya msuko vinashuka ukutani na kwenye nguo za watu. Nilimwona baba mmoja akimwinua mtoto wake juu ili aguse, akazuiwa kwa upole. Mtu aliyekulia nyumba yenye mkeka wa ukili anaelewa mara moja kazi hii inasema nini: mgeni anatandikiwa. Hapa katandikiwa juu.

Ila kazi iliyonishika hadi miguu ikafa ganzi ni ya Bouchra Khalili, mzaliwa wa Casablanca. Inaitwa The Mapping Journey Project, aliifanya kati ya 2008 na 2011. Skrini 8 ziko kwenye chumba kimoja. Kila skrini ina ramani, mkono wa mtu na maka peni. Uso hauonekani. Mtu anasimulia njia aliyopita bila viza wala kibali, na huku anasimulia anaichora: hapa nililala miezi, hapa nilikamatwa, hapa wakanirudisha, nikaanza tena. Sauti haipandi. Anataja jangwa na bahari kama mtu anayemwelekeza mgeni njia ya kwenda sokoni. Wino unapita juu ya mipaka iliyochapwa kwenye ramani, na mara nyingine unarudi pale pale ulipotoka, hadi mstari unanenepa. Kuna kijana anayechora njia ya kutoka Ramallah kwenda Yerusalemu ya Mashariki kumwona mchumba wake. Kwa ndege mahali hapo ni jirani kabisa. Mstari wake unazunguka vizuizi na vilima, hadi safari fupi inakuwa ndefu.

Niliangalia mikono. Mmoja una kucha zenye weusi wa grisi. Mwingine unashika kalamu kwa juu sana, kama mtu asiyeandika mara kwa mara. Habari za wahamiaji tunazozizoea zina mashua, maboya na nyuso zenye hofu. Khalili kawapa watu hawa kitu kilichokuwa mkononi mwa mpimaji na mkoloni, yaani ramani na kalamu, kisha akawaacha wachore wenyewe. Pembeni kuna picha zake nyingine 8 za uchapaji: njia zile zile, ramani imeondolewa, kila kituo kimegeuka nyota kwenye buluu nzito. Nzuri, lakini mimi nilizirudia zile skrini.

Alhamisi, 23 Mei. Giardini

Giardini ni bustani yenye mabanda ya mataifa, majengo ya kudumu ambayo kila nchi inajenga na kumiliki. Ubelgiji ilianza mwaka 1907. Leo yako 29, na ya Afrika ni moja tu, la Misri. Waliofika mapema wana nyumba, waliochelewa wanapanga. Tanzania, Uganda na Ethiopia ziko mitaani, kwenye kumbi za kukodi, kila moja kona yake. Katika maonyesho yanayozungumzia ugeni, jambo hili lingestahili chumba chake.

Uso wa jengo kuu umechorwa wote na MAHKU, wasanii wa jamii ya Huni Kuin kutoka Amazon. Wamechora kisa cha mamba aliyekubali kuwavusha watu bahari mgongoni kwake ili mradi wampe chakula. Waliovuka hawakutimiza sharti, mamba akazama, na watu wakagawanyika pande mbili za maji. Rangi zinawaka, hakuna nafasi iliyoachwa tupu.

Banda la Urusi mwaka huu wamepewa Bolivia. Banda la Israeli limefungwa; msanii wake mwenyewe aliamua halifunguliwi hadi vita visimame na mateka waachiwe. Watu wanapita, wanasoma tangazo mlangoni, wanaendelea.

Nakuja kwenye banda la Australia, lililopata Simba wa Dhahabu wa mataifa. Archie Moore, ambaye kwa ukoo ni Mkamilaroi na Mbigambul, wenyeji wa asili wa Australia, amepaka kuta na dari rangi nyeusi, kisha kwa chaki nyeupe akaandika ukoo wake. Aliuandika kwa mkono, muda wa miezi. Chini, usawa wa macho, ni watu wa karibu, majina yanasomeka. Unavyopanda, majina yanakuwa ya zamani, yanapotea katika lugha za wenyeji, yanafika hadi darini. Anasema kuna miaka 65,000 hapo, vizazi zaidi ya 2,400. Mahali pengine kuna shimo jeusi tu, hakuna jina: hapo ni mauaji ya halaiki, au maradhi, au kumbukumbu zilizoteketezwa. Katikati ya chumba kuna kidimbwi cha maji, na juu yake meza nyeupe yenye marundo ya karatasi, ripoti za wenyeji waliofia mikononi mwa polisi na magerezani. Huwezi kuzifikia kuzisoma kwa sababu ya maji.

Nilisimama karibu na ukuta. Chaki imefutikafutika pale mkono wa mwandishi ulipopita juu ya herufi, na chembe zake zimekaa kwenye rangi nyeusi. Mgeni akipiga chafya anaweza kufuta babu wa mtu. Kwetu Tanga mtu hajajitambulisha hadi ataje baba, babu na kule walikotoka, na wazee huweza kukupeleka nyuma mpaka unachoka. Lakini watoto wangapi leo, Dar au Mestre, wanafika jina la nne? Kwenye banda lile nilijikuta nahesabu yangu kwa vidole, na mama wa Kiitaliano pembeni yangu naye anafanya vivyo hivyo.

Banda la Uholanzi mwaka huu ni la CATPC, wafanyakazi wa mashamba ya michikichi wa Lusanga, Kongo, wanaochonga sanamu na kuzitoa kwa kakao na mafuta ya mawese. Fedha wanazopata wananunulia ardhi ya mashamba yale na kupanda miti ya chakula. Harufu ya kakao inakupokea mlangoni. Uingereza imempa nafasi John Akomfrah, mzaliwa wa Accra. Skrini nyingi, maji kila mahali, sauti zinapishana. Nilichoka kabla halijaisha, nikiri ni kazi ya kuiendea asubuhi.

Kwenye Biennale hii yupo pia Leilah Babirye wa Kampala. Mwaka 2015 aliondoka Uganda baada ya kuandikwa magazetini kuwa anapenda wanawake, na familia ikamkana. Marekani ikampa hifadhi. Anachonga mbao na kufinyanga vichwa vikubwa, anavivalisha mipira ya ndani ya baiskeli na vyuma vya kuokota, na anavipa majina ya koo za Baganda. Nchi iliyomfukuza ndiyo anayoichonga kila siku. Najua baadhi ya wasomaji hawatapenda nimtaje. Huwezi kuandika habari za kwao na ugeni ukawaruka waliofungiwa mlango na kwao.

Ijumaa, 24 Mei. Castello

Ethiopia imeingia Biennale mara ya kwanza, kwenye jumba la zamani, Palazzo Bollani. Mchoraji ni Tesfaye Urgessa, aliyeishi Ujerumani miaka 13 kisha akarudi Addis Ababa mwaka 2022. Miili kwenye turubai zake imepandana, mguu wa huyu umekaa juu ya mgongo wa yule, na nyuso zinakutazama moja kwa moja. Hakuna anayeomba huruma. Msimamizi ni mshairi Lemn Sissay, mtoto wa mama wa Kiethiopia aliyelelewa Uingereza na watu baki na kwenye vituo vya watoto, akiitwa jina lisilo lake hadi alipokaribia utu uzima. Ukilijua hilo, unaelewa kwa nini ni yeye aliyekabidhiwa.

Kutoka hapo ni mwendo mfupi hadi banda la Uganda, kwenye galari ndogo karibu na kanisa la San Giovanni in Bragora. Kuingia ni bure. Uganda ilitajwa kwa heshima na majaji mwaka 2022, na safari hii imekuja na kundi: wafumaji, Sana Gateja na shanga zake za karatasi zilizokwisha kutumika, Jose Hendo na nguo za gome la mti wa mutuba. Na Odur Ronald. Yeye ametengeneza pasipoti za alumini. Kazi inaitwa Muly'Ato Limu, mko chombo kimoja.

Niliziangalia nikiwa na pasipoti yangu mfukoni, ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, buluu. Za Odur hazifunguki. Zinapokea mwanga na kuurudisha, ukiinama unaona umbo lako limepindika juu yake. Pasipoti ya kweli ni laini, inakunjika, inatoa jasho mkononi ukiwa foleni. Hii ni ngumu na baridi, ukiishika vibaya itakukata. Kijana mwangalizi wa chumba aliniuliza natoka wapi. Nilipomwambia, alitabasamu, akasema Watanzania wako mtaa wa Cannaregio, niende.

Usiku nimemwonyesha dada picha za wiki kwenye simu. Alitulia kwenye mikono ya Khalili, akapita haraka kwenye zile pasipoti.

"Mbona wote wanaonyesha njia?" akauliza. "Mimi njia niliipita siku moja, ndani ya ndege, nimelala. Miaka yangu yote hapa iko chumbani. Chumba cha kupanga, chumba cha kufagia. Hicho hakuna aliyekichora?"

Nimemwambia yupo mama mmoja, Giardini, nilimpita haraka Alhamisi. Jumapili hana zamu. Tutakwenda.

Jumamosi, 25 Mei. Cannaregio

Leo ni siku ya ada. Mwaka huu Venice imeanza kuwatoza yuro 5 wageni wanaoingia na kutoka siku hiyo hiyo, kwa siku maalumu za msimu. Wenyeji wa manispaa na wanaokwenda kazini hawalipi, lakini lazima wathibitishe. Stesheni ya Santa Lucia walinzi wanaomba msimbo kwenye simu. Dada alipita na karatasi ya mwajiri wake, mkono umeshazoea.

Nilipita kwanza Ghetto, kwani iko njiani. Mwaka 1516 jamhuri iliamuru Wayahudi wote wakae kisiwa hiki kidogo, na usiku malango yakifungwa. Kwa kuwa ardhi haikutosha na watu waliongezeka, walijenga kwenda juu. Nyumba zina ghorofa nyingi, dari fupi. Wafanyabiashara wa Kijerumani walikuwa na jumba lao, Waturuki lao. Mji huu umekuwa ukiwahitaji wageni na kuwapangia pa kulala kwa karne nyingi.

Banda la Tanzania liko kwenye ukumbi mdogo uitwao La Fabbrica del Vedere, kichochoro ambacho simu yangu ilikipoteza mara kadhaa. Ni mara ya kwanza nchi yetu kushiriki Biennale tangu maonyesho haya yaanze mwaka 1895. Wasanii ni Haji Chilonga, Happy Robert, Naby na Lutengano Mwakisopile, na msimamizi ni Mwitaliano, Enrico Bittoto. Mada yao ni kugunduliwa kwa yule mwingine: nani alimwona nani kwanza, na alimwonaje.

Nitasema ninachokiamini. Kusoma jina Mwakisopile kwenye ukuta wa Venice kulinipa furaha ambayo hakuna Simba wa Dhahabu aliyenipa wiki hii. Chilonga nilikuwa nikiona kazi zake Dar tangu zamani, hatimaye naziona mahali ambapo mtu wa Korea na wa Chile wanaingia na kuzitazama kwa muda wao. Lakini ukumbi ni mdogo, uko mbali na msururu wa watu, na mara ya kwanza isipofuatiwa na ya pili inasahaulika. Kenya imepitia pagumu zaidi: mwaka 2013 na 2015 banda lenye jina lake lilijazwa wasanii wa Kichina, wasanii wa Nairobi wakapiga kelele hadi serikali ikajitenga na lile la pili, na mwaka 2017 na 2022 Jimmy Ogonga akaja na Wakenya wenyewe. Walipigania jina lao. Sisi tuna wachoraji, wachongaji, wachapaji. Tuna kituo cha sanaa cha Nafasi pale Mikocheni, tuna vijana wanaojifunza kusimamia maonyesho. Mwaka 2026 msimamizi atoke kwetu, na maandalizi yaanze sasa, si miezi miwili kabla.

Jumapili, 26 Mei. Giardini tena

Dada amevaa gauni lake la Idi. Miaka anafanya kazi mji huu, hajawahi kuingia Giardini. Dirishani walimpunguzia bei kwa kuwa ni mkazi wa manispaa, naye hakujua kama punguzo hilo lipo.

Tulikwenda moja kwa moja kwa Nil Yalter, Mturuki aliyezaliwa Cairo mwaka 1938 na kuishi Paris tangu 1965. Mwaka huu amepewa Simba wa Dhahabu wa kazi ya maisha yote. Katikati ya chumba amesimamisha Topak Ev, hema la duara alilolitengeneza mwaka 1973 kwa fremu ya chuma na ngozi za kondoo, akifuata mahema yanayotengenezwa na wanawake wa jamii za kuhamahama za Anatolia. Kuta zote zimebandikwa picha za wahamiaji, na juu yake maandishi mekundu: uhamisho ni kazi ngumu. Na zipo video. Miaka ya 1970 Yalter aliingia majumbani mwa wahamiaji na kamera nzito ya wakati ule, akawaacha waseme.

Dada hakulitazama hema. Alisimama mbele ya mama mmoja kwenye skrini, nyeusi na nyeupe, ameketi chumbani kwake na watoto, akizungumza. Akasogea. Akaniuliza pazia lile ni la kitambaa gani, kama kwamba mimi najua. Alikaa pale muda ambao mimi nilizunguka jengo zima na kurudi.

"Ameonyesha kitanda," akasema. "Ona, kitanda kiko pale pale meza ilipo. Huyu aliingia ndani, hakusimama mlangoni."

Tulikwenda kwa Archie Moore, akasoma majina ya chini, akatikisa kichwa kwenye meza ya karatasi. Takapau hatukuiwahi, Arsenale ni mwendo na yeye kesho anaamka saa kumi. Ijumaa na Jumamosi Arsenale inafungwa saa mbili usiku, kwa hiyo atakwenda akitoka zamu. Kuna wenzake wawili wa hotelini, mmoja wa Dhaka na mwingine wa Benin City, anaotaka wamwone yule mama. Wametumiana ujumbe kwenye treni, wanatafuta Jumapili ambayo wote watatu hawana zamu kabla maonyesho hayajafungwa tarehe 24 Novemba.